Uyoga wa Zizini

Marta aliuchuma uyoga juu ya samadi asubuhi na mapema, kabla haujayeyuka na kuwa maji meusi kama wino. Aliuchuma kwa hasira, kama anayeng'oa nywele za mtu.

Bibi yake alimfundisha zamani: uyoga huu mtamu, lakini aliyeula asionje pombe. Akionja tu, uso unawaka, matumbo yanapinduka, moyo unakwenda mbio.

Hicho ndicho alichokitaka Marta.

Kila jioni mumewe, Bartholomeo, aliondoka na bakuli la mboga. Eti anakwenda kulila kilabuni, ashushie na ulanzi, pombe ya mianzi. Kweli, alirudi akinuka ulanzi; lakini hata aliyesukutua tu hunuka. Na bakuli lilirudi limeoshwa. Tangu lini mwanamume wa Mafinga akaosha bakuli? Njia ya kilabuni ilipita mlangoni kwa Juliana, mjane kijana aliyejifungua juzijuzi.

Jioni ile Marta aliuunga uyoga kwa karanga, akajaza bakuli.

"Leo umenipendelea, mama Jailos," Bartholomeo alisema.

"Ule wote, baba. Usimgawie mtu."

Akirudi mgonjwa, basi ni mlevi tu, atamsamehe. Akirudi mzima, hakunywa, na kilabuni hakufika.

Alirudi mzima, anaimba, bakuli linang'aa.

"Umekula?"

"Nimelamba mpaka vidole!"

Marta alinyakua mchi, akatoka. Majirani walipouona ule mchi, wakamfuata.

Juliana alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni, kikombe mkononi. Alipomwona Marta akapiga goti.

"Mama Jailos! Leo umekuja mwenyewe? Mungu akubariki. Uyoga wako nimeumaliza wote, mama. Baba Jailos kila akipita kwenda kilabuni ananiachia bakuli, anasema, 'Mke wangu hataki anayenyonyesha alale njaa.' Akirudi analichukua. Na huu ulanzi kaniletea mama mkwe, unaongeza maziwa. Ndiyo kwanza nataka kuuonja."

Akakiinua kikombe.

Marta alikipiga kwa mchi, kikaruka hadi uani.

"Jamani, wivu gani huu!" majirani walipiga kelele, wakamkamata mikono, wakamziba mdomo asije akatukana mbele ya mtoto mchanga.

Na mmoja wao, kwa huruma, akakiokota kikombe, akakisuuza, akammiminia Juliana ulanzi mwingine.