Gari Lisilovumilia Ugomvi

Miaka hiyo, gari lolote lililosikia ugomvi ndani yake lilijiegesha kando ya barabara na kukaa hapo mpaka amani irudi. Ndiyo maana Chausiku na mumewe Pazi hawakuwahi kutoka Calgary wakafika Vancouver, huko Kanada, kwa siku moja. Mara walilala Golden, mara Revelstoke, wamenuniana katikati ya milima yenye theluji.

Safari hii, hata Milima ya Rocky hawajaimaliza, Pazi akaanza kulalamikia chai ya chupa aliyoipika mkewe. Gari likapunguza mwendo. Chausiku akawahi.

"Mzaramo wewe, chai utaijulia wapi? Kwenu mnajua ngoma tu."

Pazi akaangua kicheko. "Kelele, Mnyamwezi. Nyie kazi yenu kubeba mizigo ya watu."

Gari likasita, likasikiliza kicheko, kisha likakaza mwendo.

Dawa ikawa imepatikana. Wakaambiana yote kwa kisingizio cha utani wa makabila yao: mapishi, mawifi, kukoroma, huku wakicheka mpaka machozi. Golden wakaipita. Revelstoke wakaipita. Kamloops wakaipita. Jua halijazama, maghorofa ya Vancouver hayo mbele yao, na Chausiku akapiga vigelegele kama yuko harusini.

"Tumeliweza," alisema.

"Tumeliweza, mke wangu."

Wakaingia kwenye daraja la kuingilia mjini.

"Pale Kamloops," Chausiku akauliza, bado anatabasamu, "uliposema bora ungemwoa mdogo wangu, ulikuwa unatania?"

Pazi akaitupia jicho dashibodi, kisha akacheka kwa sauti kubwa.

Gari likaendelea na safari.