Nyegere na Jina la Nyuki

Siku Buibui alipofungua daftari la majina ya mtandao wa mwituni, alitoa sharti moja: anayewahi ndiye mwenye jina, na mwenye jina ndiye atakayejibu linapotafutwa. Nyegere, mlafi wa asali, alisikia nusu ya kwanza tu, akakimbilia kusajili jina la Nyuki.

"Nirudishie jina langu, ndugu yangu," Nyuki akamsihi.

"Lete kwanza mzinga mzima wa asali."

Nyuki akarudi mzingani. Kesho yake Ndovu akabisha hodi kwa Nyegere, mkonga umemvimba.

"Nyuki kaniuma. Nimemtafuta mtandaoni, nikaelekezwa kwako."

Nyegere akapiga ukelele. "Nyuki! Njoo uchukue jina lako, bure!"

Nyuki akajibu kwa upole kutoka mzingani: "Mwache kwanza Mzee Ndovu amalizane na mwenye jina."