Harusi ya Mafundi

Ng'ombe walikuwa wa kuazima, na bwana harusi pia.

Mwaka huo wa 1934, meneja wa shamba la chai alikuwa amekataza mikutano yote. Aliruhusu harusi tu. Na mafundi walitaka chama, kwa sababu Mosoti seremala alikatwa kidole na msumeno wa kiwanda, akafukuzwa jioni hiyo hiyo, na hakuna aliyeweza kumtetea.

"Basi fanyeni harusi," alisema Kemuma, aliyechambua chai kiwandani. "Mimi nitakuwa bibi harusi wenu. Lakini msimwambie baba. Yule hawezi kuficha neno."

Bwana harusi akawa Bosire mwashi, kapera ambaye akisalimiwa na msichana huangusha mwiko.

Ili nyapara asishuku, mahari ilipita barabarani mchana peupe. Maseremala walitoa ng'ombe, waashi wakatoa, wahunzi wakatoa, na watu wa mashine wakaongeza ndama mwenye baka jeupe. Wote wakaswagwa hadi Kisii, kwa mzee Ongeri, babake Kemuma.

Jumamosi, siku ya harusi, watu walijaa shambani. Obiero mhunzi, msemaji wa upande wa bwana harusi, akasimama.

"Wanaompenda Bosire wetu wainue mkono."

Mikono yote ikainuka, hata wa nyapara, uliokuwa umeshika paja la kuku. Hivyo ndivyo Bosire alivyochaguliwa mwenyekiti.

Jumatatu yeye na Kemuma walienda Kisii kuwachukua ng'ombe, wawarudishie wenyewe.

"Omera, ndugu yangu, usirudi mikono mitupu," Obiero alimwonya. "Chama kitavunjika kabla hakijatambaa. Hawa wa mashine wanampenda yule ndama kuliko wake zao."

Walipofika, Kemuma aliingia kwa mamake. Bosire alienda moja kwa moja zizini. Zizi lilikuwa tupu.

"Karibu, mkwe," alisema mzee Ongeri, akicheka. "Ng'ombe zako zilienda jana kwa wakwe wa kijana wangu Ombati. Sasa ameoa. Ama ulifikiri mahari ya dada hufanya kazi gani?"

 Bosire akageuka kumtafuta Kemuma, wamwambie mzee ukweli pamoja.

Kemuma alikuwa anatoka kwa mamake, chungu kipya kichwani, kuku kwapani, na dada zake nyuma wakimwimbia.

"Twende nyumbani, mwenyekiti," akasema.