Kitufe cha Yule wa Zamani

Taratibu, kama walivyomwita ofisini, alibonyeza kitufe cha Thibitisha na papo hapo akajua ameharibu. Ilikuwa mara ya tatu wiki ile.

Alikuwa katikati ya kuipanga upya kazi yake kwenye kompyuta, akiziinua hatua zake moja moja na kuziweka juu ya kazi mpya ya wenzake. Kila mistari miwili ilipogongana, programu ilisimama ikamngoja airekebishe, kisha abonyeze Endelea. Alirekebisha vizuri tu. Halafu akabonyeza Thibitisha, kitufe cha kuhifadhi hatua mpya. Vitufe viwili, rangi moja, bega kwa bega. Hatua isiyotakiwa ikajipenyeza kati ya nyingine, na ofisi nzima ikapoteza mchana kuing'oa.

Hakuna aliyemgombeza. Hilo ndilo lililomchoma. Alipokwenda kuteka maji aliwasikia wawili wakinong'ona nyuma ya kabati.

"Yule wa Zamani angeimaliza hii kabla ya saa nne."

"Yule? Tena huku anakupigia soga."

Taratibu akarudi mezani na glasi tupu.

Ofisi ile haikuwa na kona isiyo na Yule. Hata kiti alichokalia Taratibu kilikuwa chake. Programu wanayoiuza, inayowatunzia waandishi wa programu kila hatua ya kazi yao, nusu yake aliiandika yeye. Yule alikuwa Yule. Huyu walimpachika jina la Taratibu, wakadhani halimuumi.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu, maana mkewe alimpenda Yule kwanza, na wala hakuficha. Jioni ile alimwekea mumewe chai. Taratibu akaonja, akakisukuma kikombe.

"Haina sukari."

"Nisamehe, mume wangu. Mkono umezoea."

Mkono umemzoea nani, hakuuliza. Ukutani palikuwa na picha ya mkewe ameegemea bega la Yule, anacheka mpaka macho yamefumba. Hivyo Taratibu hajawahi kumchekesha. Mkewe alipokwenda kuoga, akaishusha picha, akaifungia kabatini. Asubuhi aliikuta imerudi msumarini, na mkewe anapiga pasi kama hajui lolote.

Siku hiyo Bosi alimwita.

"Kaka yangu, ikitokea tena itabidi nikuhamishie mapokezi. Sipendi, lakini wenzako wamechoka."

"Nipe siku mbili."

"Za nini?"

"Nipe tu, dada."

Kwa siku mbili alifanya kazi na karatasi pembeni, akiandika kila anachotaka kukigusa kabla hajakigusa. Wazo lenyewe lilikuwa dogo: mtu akiwa katikati ya kupanga upya, kitufe cha Thibitisha kififie, kisibonyezeke kabisa, mpaka amalize au aghairi. Alipokiunda akakijaribu mara arobaini, akikosea kwa makusudi. Kitufe kikamgomea mara zote arobaini. Ndipo akavuta pumzi. Kitu hiki Yule hakukiwaza.

Kisha akafanya jambo lililomwasha siku nyingi. Programu hukumbuka kila mstari umeandikwa na nani. Akautafuta mstari uliokiacha kitufe kile wazi, mtego uliomwaibisha yeye mara tatu kwa wiki. Alipoliona jina, akatabasamu peke yake. Bingwa wao. Asiyekosea.

Akauchapa ukurasa, akaupeleka kwa Bosi, na mlango akauacha wazi kusudi.

"Watu wanasema mimi mzembe. Shimo hili alilichimba mwingine, mimi nimelifukia. Soma hapo. Soma kwa sauti, na wao wasikie."

Bosi akavaa miwani. Alisoma kimyakimya kwanza, kisha akamtazama usoni, akalitazama na kovu lililoanzia sikioni mwake likapotelea kwenye nywele.

"Una hakika unataka nisome?"

"Soma, dada."

Nje, vidole viliacha kugonga kibodi.

"Kosa limeandikwa mwaka juzi," akasema Bosi, na sauti ikamshuka, "wiki moja kabla ya ile ajali yako." Akalisoma jina la mwandishi, la kwanza mpaka la ukoo. Kisha akateremsha kidole hadi mstari wa chini, penye jina la aliyelirekebisha leo asubuhi, na akalisoma jina lile lile.