Mwanamke Ndani ya Kanda

Naapa kwa meno yangu machache yaliyobaki, haya ni kweli tupu.

Mjane alikuwa ameshazitia kanda zote za marehemu kwenye gunia, tayari kwa moto, shemeji yake fundi redio alipoingia na kulikalia.

"Ondoka hapo, shemeji," mjane akasema. "Humo ndani kuna mwanamke."

"Kwenye gunia?"

"Kwenye nyimbo! Sikiliza, kisha uzichome mwenyewe."

Marehemu alipenda trip-hop, ule muziki wa polepole wa kusikilizwa umelala chali. Aliazima santuri za nchi mbalimbali, akazirekodi pale sebuleni, maikrofoni juu ya kigoda, mlango wa jikoni wazi.

Fundi akachomoa kanda moja, akaiweka kwenye redio. "Hawa Waingereza. Unasikia ngoma inavyoburutwa? Kama watu wanahamisha kabati."

Nyuma ya besi, kwa mbali, mwanamke akaanza kuimba bila maneno, mdomo umefumbwa.

"Umemsikia?"

Wakaweka ya Wafaransa. Hao ngoma yao nyepesi, kinanda kinashuka ngazi bila viatu. Mwanamke yuleyule. Wakaweka ya Wajapani, wanaoacha kimya kirefu kati ya pigo na pigo. Ndani ya kimya hicho, yeye tena.

Nywele zikamsimama fundi. "Shemeji, wanamuziki hawa hawajuani. Hata nchi zao zimeachana mbali."

"Basi alikuwa akimfuata mume wangu kila aendako."

"Kaka alikwenda wapi? Yule aliogopa hata lifti!"

Mjane hakucheka. Fundi akaitoa kanda, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Utepe ulikuwa umechakaa mahali pamoja tu, pale mwanamke anapoingia. Marehemu alikuwa akiurudisha hapo, akiurudisha tena. Fundi akamwonyesha mjane pale palipochakaa.

"Alimpenda," mjane akasema. "Miaka yote mimi niko jikoni na moshi wangu, yeye yuko hapa na huyo. Toa kiberiti, shemeji."

"Mara moja ya mwisho. Nimsikilize vizuri."

Kanda ikazunguka. Mjane akaenda dirishani, akampa mgongo, akajikunyata kusubiri iishe. Ngoma ikaburutwa, mwanamke akaingia. Fundi hakuweza kuvumilia, akabonyeza kitufe. Spika zikanyamaza.

Mwanamke akaendelea kuimba, pale dirishani.

Mke wangu amesoma mpaka hapa juu ya bega langu, akauliza yeye ni mjane wa nani, na hizo kanda nimezificha wapi. Nimezitoa uvunguni, sasa yeye amekaa sebuleni anasikiliza, na mimi niko jikoni, naunguza vitunguu.