Pweza Mkononi

"Shangazi, hiyo si karatasi ya maua!"

Batuli alichelewa kusema. Shangazi yake, mchora hina, alikuwa ameichukua mezani akidhani ni ua jipya, na sasa hina ilikuwa imeshakauka mkononi mwa bibi harusi. Kumbe alikuwa pweza wa kitabu cha watoto alichokuwa akikitengenezea picha, ambaye Batuli alimchora na kumfuta mwezi mzima, na bado hachekeshi.

Wanawake waliojaa chumbani, mtaani Kibokoni, wakasogea kutazama. Kaseti ya taarabu iliendelea kupiga.

Pweza alikodoa macho nyuma ya kiganja. Mikono yake mitano ilikuwa imeteremka vidoleni, mitatu imezunguka kifundo cha mkono.

Bibi harusi alimtazama. Akatikisa kidole cha mwisho.

Pweza akapunga mkono.

Akavichezesha vidole vyote, na pweza akaufuata mdundo kama mwenye harusi ni yeye. Vigelegele vikahanikiza.

Batuli hakupiga. Alikuwa amepiga magoti mkekani, penseli mkononi, akimchora upya mbio mbio.

Bibi harusi akamnyooshea mkono wa pili, ambao bado haukuwa na hina.

"Da Batuli, na huyu atacheza na nani?"