Kaya Tano za Naetwe

Zahanati ilipoona Naetwe halali, haikumpa vidonge. Ilimwandikia kaya tano. Alikuwa Mpare pekee katika mtaa wake pale Mtwara, na wiki haikuisha malori yakaja, familia tano za Wapare zikapangwa katika nyumba zilizomzunguka.

Tangu hapo analala fofofo. Alfajiri huamshwa na Kipare kinachopenya ukutani, watu wakigombania ndoo, naye hutabasamu kitandani na kumshukuru Mungu.

Mwezi wa tatu ulipotimia alipika makande, akampelekea jirani yake Nakijwa. Akamkuta uani anapanda mgomba.

"Nimekuja kushukuru," alisema. "Mmenirudishia usingizi."

Nakijwa alinawa mikono taratibu, akapokea bakuli. "Nafurahi, dada. Wewe ni wa nne kupona mikononi mwetu. Sasa watatuhamishia kwa mgonjwa mwingine, na watoto wataanza shule upya."

"Na huu mgomba?"

"Huwa napanda tu kila tunakofika. Sijawahi kula ndizi zake."

Jioni simu ya zahanati ililia. Muuguzi akauliza kwa upole, "Mama, siku hizi unalala?"

Naetwe aliutazama ule mgomba kupitia dirisha, majani yake mawili bado yamejikunja.

"Hata lepe la usingizi sipati, mwanangu."

"Pole sana, mama," alisema muuguzi. "Basi usijali. Kesho tunakuongezea kaya nyingine tano."